Je, Mtihani wa Lugha ni wa Wageni Peke Yao?



Liko swali ambalo limekuwa likizunguka katika matawi yetu tangu Mombasa hata Malaba. Kwa nini mtu akiletwa kutoka ng'ambo, naye akajifunza Kiswahili, huhesabiwa amepata ujuzi, akapewa cheti na pengine nyongeza ya mshahara. Na sisi ambao twajua Kiswahili, Kiingereza na lugha ya nyumbani, tena twazitumia zote tatu kabla ya saa nne ya asubuhi, hatuhesabiwi kitu? Wengine huliona ni swali la mzaha. Mimi naliona ni swali la mshahara na la usalama wa kazi, kwa hiyo nimejaribu kutafuta namna serikali za wenzetu zinavyowapima lugha watumishi wao wanaokwenda ng'ambo. Niliyoyakuta yafaa wanachama wayajue kabla hatujaketi na mwajiri.

Nianze na Marekani, maana ndiyo iliyoliandika jambo hili kwa urefu. Zamani mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi ile alipoulizwa kama ajua lugha ya kigeni, alijaza karatasi mwenyewe. Huyu aliandika "Kifaransa vizuri sana", yule "Kijerumani kiasi". Hapakuwa na mtu wa kuuliza "vizuri" ni kiasi gani. Mwaka wa 1952 Serikali ikataka orodha ya watumishi wake wanaojua lugha, ikaonekana hakuna kipimo cha kuwapimia. Mwaka wa 1955 wakahesabiana wao kwa wao, na wale waliojua lugha ya kigeni kwa kiasi cha kufaa kazini hawakufika nusu ya maofisa. Kumbuka ya kuwa hao walikuwa watu wa kukaa Paris, Berlin na Madrid kwa niaba ya taifa lao. Mwaka wa 1956 ikatoka amri kwamba ujuzi wa lugha uthibitishwe kwa mtihani, wala si kwa maneno ya mtu mwenyewe, na kufika mwaka wa 1958 mtihani ukawa ni lazima kwa kila ofisa.

Kipimo walichofanya kingali kikitumika. Huanza sifuri na kwisha tano. Sifuri hajui kitu. Moja aweza kuamkia, kuomba maji, kukata tikiti na kuuliza njia. Mbili aweza kueleza kazi yake ya kila siku na habari za jamaa yake, lakini mambo yakigeuka hupotea. Tatu aweza kufanya kazi yake yote kwa lugha ile, kubishana katika mkutano na kuelewa anapobishiwa. Nne ni hodari kweli kweli. Tano ni sawa na mwenyeji aliyesoma. Kusema hupimwa mbali na kusoma hupimwa mbali, kwa hiyo mtu huweza kuwa na tatu ya kusoma na mbili ya kusema, na wengi ndivyo walivyo.

Lililonipendeza ni jinsi mtihani wa kusema ulivyopangwa. Mtahiniwa hukaa mezani na watu wawili, na mmoja wao ni mwenyeji wa lugha ile. Huongea naye, humwuliza maswali, kisha huyaeleza kwa Kiingereza yale aliyoambiwa, ionekane kama aliyasikia au alikuwa akitikisa kichwa tu. Tena hapo mwanzo palikuwa na hofu kwamba cheo na umri vingemfanya mtahini ainue alama. Nani atathubutu kumwandikia balozi "moja"? Basi wakafanya orodha ya mambo matano ya kutiwa alama kila moja peke yake: matamshi, sarufi, wingi wa maneno, wepesi wa kusema, na kusikia. Katika hayo matano, matamshi ndiyo yaliyopewa alama chache kuliko yote. Hili nawaomba walitie moyoni wale ndugu zetu ambao kazi yao katika bwalo ni kumcheka Mkamba kwa matamshi yake, na Mjaluo kwa yake, na Mkikuyu kwa yake. Wamarekani waliona ya kuwa mtu aweza kutamka kwa taabu na bado akaifanya kazi barabara, na mwingine aweza kutamka kama kasuku na asielewe aliloambiwa.

Sasa tazameni gharama. Wizara ile ina chuo chake tangu mwaka wa 1947, nacho kiko Arlington katika Virginia. Chuo kimezigawa lugha kwa muda unaohitajika mtu anayesema Kiingereza afike daraja ya tatu. Kihispania na Kifaransa, wiki 24 mpaka 30. Kiswahili, wiki kama 36. Kiarabu, Kichina, Kijapani na Kikorea, wiki 88. Wiki 36 ni zaidi ya miezi minane. Katika miezi hiyo mwanafunzi hatengenezi injini wala hapigi mihuri; kazi yake ni kujifunza, na mshahara wake wote waingia. Kwa lugha zilizochaguliwa, akifaulu huongezewa malipo juu ya mshahara. Kitabu chao cha kufundishia Kiswahili kilichapwa na Serikali yao mwaka wa 1963, mwaka ule ule tuliopata uhuru. Siwalaumu hata kidogo. Twaona hapa ya kuwa serikali yenye fedha nyingi kuliko zote ilikaa, ikahesabu, ikakata shauri kwamba kujua lugha ni ujuzi wa kazi kama kujua kuchomea chuma, na ujuzi wa kazi hulipwa.

Hata hivyo sheria yao ina tundu. Kila kituo huandikiwa kazi zipi zataka lugha na kwa daraja gani. Lakini mtu mwenye daraja hiyo asipopatikana, mwingine hupelekwa kwa ruhusa maalum. Wakaguzi wa Bunge lao walipopita mwaka wa 2009 walikuta maofisa 31 katika kila 100 walioshika kazi za namna hiyo hawakufika kiwango kilichoandikwa. Walipopita tena mwaka wa 2017 walikuta kazi 23 katika kila 100. Wamepunguza, lakini bado ni karibu robo. Ukipeleka ombi lako dirishani, na aliye ndani hasikii vema lugha unayosema, yeye hatapungukiwa na kitu. Atakayerudi nyumbani bila ruhusa ya kusafiri ni wewe.

Sisi watu wa reli twajua jambo hili kwa njia nyingine. Dereva aweza kuwa na cheti cha injini na miaka ishirini ya kazi, lakini akipelekwa sehemu asiyoijua hapewi treni peke yake. Kwanza huendeshwa na mwenzake mpaka aijue njia: wapi pana mteremko, wapi ishara imefichwa na miti, wapi kona yataka breki mapema. Na kama siku ile hakuna ila yeye, hupandishwa mtu aijuaye njia akae naye. Haisemwi, "Hapana mtu, basi mwacheni aende." Lugha ya watu ndiyo njia yao. Mtu aliyeletwa kusimamia watu, naye hajui lugha yao, ni dereva asiyejua njia, na huyo anayepandishwa akae naye ni mmoja wetu, bila malipo.

Nchi hii nayo iliwahi kuwa na mitihani ya namna hiyo. Wakati wa ukoloni maofisa wa Kiingereza walitakiwa kupita mtihani wa Kiswahili wa Serikali; palikuwa na wa chini na wa juu, na kufaulu kulihusiana na kuthibitishwa kazini na kupanda mshahara. Mwaka wa 1928 mkutano wa Mombasa ulikata shauri kwamba Kiswahili sanifu kifuate Kiunguja; mwaka wa 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi zote nne za Afrika ya Mashariki; na mwaka wa 1939 ikatoka kamusi iliyotengenezwa na Frederick Johnson. Kazi hiyo ilikuwa kubwa, na hata leo twaila faida yake.

Lakini bwana aliyepita mtihani huo mara nyingi alirudi bara akasema kile Kiswahili cha amri kilichoitwa Kisetla: lete, peleka, ngoja, upesi. Kiko kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara alichokiandika bwana mmoja, Le Breton, mwaka wa 1936. Jina lake lenyewe latangaza ya kuwa kimeandikwa kwa ajili ya askari, setla, mchimba madini na mfanya biashara, pamoja na wake zao. Tazama orodha hiyo uone ni nani hayumo. Watu hao walitaka maneno ya kusema, si masikio ya kusikia. Na kama daraja ni ya kutoa amri tu, mtu aweza kufaulu vizuri sana na asijue mpaka siku ya mgomo kwamba watu wake walikuwa na njaa.

Waingereza wenyewe, baada ya miaka mingi, walipata somo lingine. Mwaka wa 2007 Wizara yao ya Mambo ya Nje iliifunga shule yake ya lugha. Mwaka wa 2013 ikaifungua tena. Miaka sita iliwatosha kuona.

Mtaniuliza, "Ndugu, haya ya mabalozi yatuhusu nini sisi wa mataruma na mabogi?" Yatuhusu kwa sababu si mabalozi peke yao wanaotumwa na serikali zao. Wako mafundi na wataalamu wanaokuja kwa misaada na mikopo, wakawekwa juu ya makarakana, yadi na magenge. Mkataba wa mtu kama huyo utakuta umeandikwa cheti chake, miaka yake ya kazi, nyumba yake, gari lake na safari zake za kwenda kwao likizo. Mahali pa lugha pameandikwa Kiingereza, au pako wazi.

Nami niliwahi kufanya kazi chini ya mmoja. Sitataja nchi yake, wala mahali, wala mwaka, na wale tuliokuwa pamoja watajua. Alikuwa mtu mwema. Tena, tofauti na wengi, alikuwa amefundishwa Kiswahili kwao kabla ya kuja, akafaulu, na cheti chake alikitundika ofisini. Alijua kuhesabu kwa Kiswahili toka moja hata elfu. Asubuhi moja katika yadi alimwambia nyapara wetu kwamba njia ya pembeni tuliyokuwa tukibadili mataruma imefungwa mpaka saa kumi. Nyapara akatuambia, saa kumi. Sote tukajua tuna mchana mzima, kwa kuwa saa kumi kwa mtu yeyote aliyezaliwa hapa ni saa ya jua kuanza kulegea. Lakini yeye alikuwa ameisoma saa yake kama ilivyoandikwa, tarakimu 10, akaitafsiri kwa neno. Kwake ilikuwa ile ambayo sisi twaiita saa nne. Karatasi yenye saa hiyo ilikuwa kwa Kiingereza, nayo ilibaki mezani ofisini.

Saa nne ilipotimia, injini ya kupanga mabogi ikaja ikisukuma mabehewa sita tupu. Anayesukuma haoni mbele. Aliyetuokoa ni mzee wa bendera, ambaye alisikia reli ikilia akapiga filimbi. Tuliruka. Jeki moja ilisagwa, mataimbo mawili yakapindika, na kijana mmoja akavunjika mkono juu kidogo ya kiwiko. Uchunguzi ukafanywa. Ripoti iliandika kwamba "wafanya kazi hawakuelewa amri". Ndugu zangu, amri ile tuliielewa sana, neno kwa neno, na hilo ndilo lililotaka kutuua. Kijana yule alikatwa siku zake za kutokuwa kazini mpaka tawi likaingia kati.

Jambo hili ninalieleza kwa sababu laonyesha upungufu wa mtihani wa darasani. Yule bwana hakuwa mjinga wala mvivu. Alipimwa na watu wa kwao, mbali na yadi, juu ya mambo ambayo wao waliyaona ni muhimu: ngeli, methali mbili tatu, habari za soko na wanyama. Kama mezani pangekuwa na nyapara mmoja, swali lake la kwanza lingekuwa la saa. Mtu yeyote anayesimamia zamu kwa Kiswahili yampasa ajue ya kuwa siku yetu huanza jua likichomoza na si usiku wa manane. Kwamba saa moja ya asubuhi ni ile ambayo saa yake ya mkono huandika 7. Na kwamba "kesho kutwa" si kesho. Yampasa aweze kusikia mtu akisema "bado kidogo" na ajue kuuliza ni kidogo gani. Na yampasa ajue kwamba mtu wa bara akimjibu "ndiyo, bwana" pengine maana yake ni "nimesikia sauti yako". Hayo hayahitaji wiki 36. Lakini hayapatikani katika kitabu, na ayajuaye ni mtu wa kazi.

Wako watakaosema Kiingereza chatosha, maana ni lugha rasmi. Ni kweli ni lugha rasmi. Lakini Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 7, yasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kiswahili kimetajwa kwanza. Mgeni anayekuja kwetu kwa Kiingereza pekee amekuja na nusu ya Katiba. Tena Kiingereza chenyewe si cha wote. Karani wa stesheni anacho. Fundi wa karakana anacho cha vyombo vyake. Mtu wa genge aliyetoka shamba mwaka jana anacho cha kuamkia tu. Na wageni wengine wanaokuja siku hizi Kiingereza chao chenyewe ni cha kukodi, hivi kwamba amri yasafiri kutoka lugha yao kwenda Kiingereza kibovu, kisha kwenda Kiswahili, kisha pengine kwenda Kikamba au Kiteso, nayo ikifika kwa aliyeshika taimbo imechoka.

Na huyo anayeibeba amri katika safari hiyo ni nani? Ni kijana wetu. Huandikwa kazi kama mfanya kazi wa kawaida, hulipwa kama wa kawaida, na zamu yake yote ni kutafsiri. Ikiwa sawa, bwana husifiwa kwa kuelewana na watu. Ikiwa mbaya, kijana huulizwa kwa nini alitafsiri vibaya. Hana daraja, hana cheti, hana nyongeza. Nimesoma matangazo mengi ya kazi, ya mabalozi, ya mashirika na ya makampuni yaliyo hapa nchini. Huandika, "Lazima ajue Kiingereza na Kiswahili, na aweza kupewa mtihani." Mahali pengine huandika hata namba za daraja, nne ya hiki na tatu ya kile, kama zile nilizoeleza. Basi kipimo wanacho, wala si siri. Lakini kwetu lugha huwekwa upande wa masharti, na kwa mgeni huwekwa upande wa malipo.

Vijana wetu nao hawakukaa bure. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi kuna Taasisi ya Confucius tangu mwaka wa 2005, ya kwanza katika Afrika, na watoto wa nchi hii hujifunza Kichina wakikalia mitihani kwa matumaini ya kazi. Nawasifu. Lakini ielezwe wazi kwamba hapo mwenye kujifunza ni mtafuta kazi, kwa wakati wake mwenyewe na kwa taabu yake. Mwajiri akijifunza yetu, hulipiwa. Sisi tukijifunza ya mwajiri, twaambiwa tushukuru kuajiriwa.

Nina neno la kutuambia sisi wenyewe pia. Mgeni akijaribu Kiswahili, sisi ndio wa kwanza kumjibu kwa Kiingereza, ili aone tumesoma. Mara ya tatu ataacha, na kosa si lake. Au twamcheka mbele ya watu. Tukitaka wapimwe Kiswahili, basi tuwasemeze Kiswahili, polepole, kwa maneno mazima, si kile Kisetla cha babu zao tunachowarudishia kwa dhihaka. Nasi tuliofunzwa na misheni tusijidai sana. Kiswahili chetu wengine chanuka Agano la Kale, na mtu wa Mombasa akitusikia hutabasamu.

Kwa hiyo nashauri hivi. Katika mazungumzo ya mkataba yanayokuja, chama kitake kiandikwe kifungu kwamba mtu yeyote kutoka nje ya nchi atakayewekwa kusimamia watu kazini, awe ametumwa na serikali yake au na kampuni, atapimwa Kiswahili cha kazi kwa kusema, hapa hapa, kabla hajakabidhiwa watu. Apimwe na wawili, mwalimu mmoja na mtu wa kazi mmoja aliyechaguliwa na chama, na mtu wa kazi awe na haki ya kusema "bado". Simtakii daraja ya tatu. Daraja ya pili ya kusikia na kusema, pamoja na saa, hesabu, vipimo, majina ya vyombo na maneno ya hatari, yatosha kuanzia. Asiyefika apewe miezi na mwalimu, kwa gharama ya aliyemleta, na muda huo wote amri zake zipitie kwa mkalimani aliyeandikwa kwa cheo hicho na kulipwa kwa cheo hicho. Na ruhusa maalum isiwepo. Tumeona walivyofanya wenye fedha na chuo na wakaguzi: wakiacha mlango wazi kidogo, robo ya watu hupita.

Upande wa pili ni nyongeza ya lugha kwa wanachama. Hapa najua tutagombana, na ni afadhali tugombane sasa kuliko mbele ya mwajiri. Wengine wanasema tukidai malipo ya lugha, kila kabila litataka lugha yake iwe ghali, na umoja utavunjika. Mimi naona sivyo, kama tukidai kwa matumizi na si kwa kuzaliwa. Anayeuza tikiti Voi akimweleza bibi wa Kitaita habari za mzigo wake, hiyo ni kazi. Gadi aliye Kisumu akisuluhisha abiria kwa Kijaluo, hiyo ni kazi. Mimi kujua lugha ya mama yangu na kuisema na mke wangu si kazi ya reli, wala sidai senti. Lugha ihesabiwe pale ambapo mwajiri angelazimika kumwajiri mwingine kama wewe usingekuwepo. Kipimo hicho ni rahisi, na hakina kabila.

Mwajiri atasema hakuna fedha. Atauliza pia ushahidi uko wapi kwamba kazi hii ya kutafsiri ipo, maana haimo katika kitabu chochote cha zamu. Hapo ndipo atatushika tusipojitayarisha. Naomba basi kila tawi lichague wiki moja kabla ya mkutano mkuu, na katika siku zile saba kila mwanachama anayetafsiri kwa ajili ya kazi aandike katika daftari: saa ngapi, kutoka lugha gani kwenda lugha gani, kati ya nani na nani kwa cheo, dakika ngapi, na ilikuwa juu ya nini. Asiyejua kuandika vema amwambie karani wa tawi aandike. Msitie chumvi, daftari moja la uongo litaharibu mengine yote. Saa ziandikwe kwa Kiswahili, na pembeni ziandikwe tena kwa Kiingereza. Daftari zifike kwa katibu kabla ya mwisho wa mwezi.